Mzinga wa Kwenda Mwezini

Darasani kwangu, katika hadithi zote za kale za kisayansi, hakuna kinachochekesha kama mzinga wa Jules Verne. Mwandishi huyo Mfaransa alichapisha riwaya yake ya safari ya kwenda mwezini mwaka 1865. Hakuna roketi ya kuwarusha kutoka duniani. Watu watatu wanaingia ndani ya kombora la alumini na kufyatuliwa na mzinga uliochimbiwa ardhini, urefu wake futi 900, yaani kama mita 274. Chini ya sakafu yao kumewekwa maji ya kupunguza mshtuko.

“Mwalimu, si wangekufa papo hapo?”

Wangekufa. Wewe unayesoma Fizikia thibitisha mwenyewe kwa v² = u² + 2as. Ili kombora litoke kwenye mdomo wa mzinga huo kwa kasi ya kilomita 11 kwa sekunde, mchapuko wake lazima uzidi ule wa mvutano wa dunia zaidi ya mara 22,000. Maji hayo yasingemwokoa hata mende.

Sasa, ukitakiwa kuhakiki kazi ya namna hii, usiishie kuandika kwamba “imepitwa na wakati”. Nimeikuta sentensi hiyo katika karatasi nyingi mno, nayo haimpi msahihishaji kitu cha kuwekea alama. Jiulize kwa nini alichagua mzinga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilimalizika mwaka huohuo wa 1865, na katika riwaya mradi mzima unaanzishwa na chama cha mafundi wa mizinga waliokosa kazi kwa sababu ya amani. Wengine wana miguu ya mbao, na bado wanalilia vita virudi. Verne anawakejeli, na kejeli hiyo inaeleweka hadi leo hata kwa anayeucheka mzinga.

Binafsi mzinga haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba Verne aliwaza safari yote hiyo bila kumweka mwanamke ndani ya kombora. Waliokuja kuisahihisha fizikia yake hawakusahihisha hapo. Apollo 11 iliondoka Florida, jimbo lilelile la riwaya, mwaka 1969 ikiwa na wanaume watatu, ingawa Valentina Tereshkova wa Muungano wa Kisovieti alikuwa ameshaizunguka dunia mwaka 1963. Watu wote 12 waliokanyaga mwezi kati ya 1969 na 1972 walikuwa wanaume. Nikifika hapo, wasichana wa darasa langu huwa hawacheki tena.