Njia Anachagua Anayekaa Nyuma

Kama mwenzio ana pikipiki kubwa na Ijumaa jioni anakwambia "kesho twende tukatembee", muulize swali moja kabla hujavaa jaketi: tunapita njia gani? Wengi watakutajia mji tu. Lushoto, Tanga, Morogoro. Kwao njia ni kitu cha kumaliza haraka. Wewe uliyepakiwa nyuma, unayetazama mgongo wa mtu na matairi ya malori kwa saa sita, unabaki kujiuliza: hivi haya ndiyo mahaba?

Mimi nilimwambia shemeji yenu waziwazi: ama njia nachagua mimi, ama pikipiki uende nayo peke yako, mimi nitakukuta na basi. Tulikuwa tumetoka safari ya barabara kuu ambako basi moja lilitupita karibu mno, upepo wake nikausikia kwenye goti. Alidhani natania. Aliponiona naulizia nauli, akaniletea ramani mwenyewe.

Kwenye ramani mimi natafuta mstari uliopinda. Barabara iliyonyooka kama rula ni ya malori na watu wenye haraka. Iliyojikunja kama nyoka ina sababu, kuna mlima au mto umeikatalia kupita, na hapo ndipo penye cha kutazama. Halafu nawauliza vijana wa bodaboda wa huko huko. Hotelini watakusifia hoteli, lakini kijana wa bodaboda anajua wapi kuna utelezi, wapi kuna matuta, na wapi wazungu husimama kupiga picha.

Chukua safari ya milima ya Usambara kutoka Dar. Wengi wanaitafuta Chalinze, wanabanana na magari yote ya bara. Sisi tunapita Bagamoyo, kisha ile lami ya kwenda Msata, kilomita 64 hivi, inayovuka bonde la mto Ruvu. Alfajiri hapo kuna ubaridi mtamu, na mnaweza hata kuongea bila kupigiana kelele. Ukifika Msata unaingia barabara kuu ya kwenda Segera. Hiyo haina ujanja, vumilia tu. Baada ya Korogwe mashamba ya mkonge yanajipanga mistari, na milima inakuja upande wa kulia.

Utamu wenyewe uko Mombo. Hapo unakata kulia kupanda Lushoto, kilomita 33 tu, ila si mchezo! Barabara hii ni urithi wa enzi za Wajerumani, walioiita Lushoto Wilhelmstal. Upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde linashuka hadi unaogopa kulitazama. Mombo mmeacha joto la kuokea mkate. Kadiri mnavyopanda kuelekea Lushoto, iliyo karibu mita 1,400 juu ya bahari, unaanza kufunga zipu yenyewe.

Sasa hapa kuna jambo. Kwenye kona, dereva anaangalia lami. Ndivyo inavyotakiwa, maana akianza kushangaa mandhari mmekwisha. Kwa hiyo macho ya safari ni ya wa nyuma. Sisi tumekubaliana: nikimgonga bega mara mbili, anatafuta pahala salama anasimama, bila kuuliza kwa nini. Soni nilimgonga. Akaegesha, akavua helmeti, akatazama chini.

"Kumbe hapa kuna maporomoko?"

Jamani! Mtu huyu alishapita hapo mara nne enzi za ujana wake, na marafiki zake, wakishindana nani atafika juu wa kwanza. Alikaa kimya muda mrefu akiyatazama maji. Kisha akavua glavu, akanishika mkono, kitu ambacho barabarani hakufanyi kabisa.

Juu ya Lushoto nendeni Irente, kilomita chache tu kutoka mjini. Nunueni jibini na mkate kwenye shamba la hapo, kisha mkakae kwenye mwamba mtazame nyika ya Wamasai ilivyolala chini. Fikeni mapema, jioni ukungu ukiamua kupanda hamtaona kitu.

Msiende wakati wa masika, Machi hadi Mei, hasa kama mnataka kuendelea na njia za udongo. Jazeni mafuta kabla ya kupanda. Helmeti ya wa nyuma iwe saizi yake, si ile ya akiba inayocheza kichwani kama sufuria. Dada, akilala na kona, lala naye. Ukijikaza kwenda upande wa pili unampa kazi. Kaka, kushuka tumia gia ndogo, injini ikushikie mwendo, usining'inie breki mpaka zinuke.

Safari ijayo tunabishana bado. Yeye anataka Mtae, kule ukingoni ambako milima inakatika ghafla. Mimi nataka Amani, kupitia Muheza, ndani ya msitu, kuona bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902. Ramani iko mezani tangu Jumapili. Kalamu ninayo mimi.