Mdaka Mishale wa Kibirizi

Nilipewa lango kwa sababu ya urefu. Jioni, dagaa wakishaanuliwa mchangani Kibirizi, Kigoma, tulicheza hapohapo na kaka zangu, nao wote walitaka kufunga. Basi nikadaka mimi.

Mwaka 2016 Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania ilianza ikiwa na timu 12 katika makundi mawili, na Kigoma ilikuwamo. Kumbe kudaka kungeweza kuwa kazi! Mlandizi Queens walitwaa ubingwa wa kwanza, kisha JKT Queens na Simba Queens wakawa wanapokezana. Mimi nikapanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta usajili, nikaupata.

Watu hushangilia kipa akiruka. Kuruka ni sehemu ndogo sana ya kazi hii. Kipa ndiye pekee anayeuona uwanja wote ukiwa mbele yake, kwa hiyo mdomo ndio unaookoa mabao mengi kuliko mikono. Kona inapigwa: unaamua, unapaza sauti, “Wangu!”, ndipo unatoka. Ukiita kwa kusitasita, beki wako naye anaruka, mnagongana, mpira unadondokea miguuni mwa adui. Ukibaki, unaita “Ondoa!” bila kubadili uamuzi tena. Dakika 90 ni “Mtu nyuma!”, “Pandeni!”, “Nguzo ya pili!” Nilikuwa nikirudi kambini sauti imekauka, vidole viwili vimefungwa plasta pamoja ili kilicho kizima kimshike mwenzake mgonjwa.

Msimu mmoja klabu moja ilikaa miezi bila kutulipa. Mama aliuza mawese akanitumia hela ya gluvu. Namshukuru mpaka leo.

Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walicheza fainali za Afrika mwaka 2010 kule Afrika Kusini, hawakurudi tena hadi Julai 2025, Morocco. Mara hii nilitazama nikiwa mwalimu wa makipa, na nililia kwa furaha. Sasa nawafundisha mabinti hata sheria mpya: ukikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona.

Viongozi wa timu za Kigoma, nawaomba: kabla hamjasajili mshambuliaji mwingine, tafuteni kocha wa makipa. Mabinti warefu wamejaa Ujiji, Katonga na Kibirizi, na wengi wao hawajawahi kufundishwa hata namna ya kuanguka.