Hata la Mbwa Huamwa

Aliyekosa la mama, hata la mbwa huamwa. Ni wachache mno walimu wa Kiswahili nchini Kenya ambao hawajawahi kuiandika methali hii ubaoni. Methali zetu zimekusanywa vitabuni tangu W. E. Taylor alipochapisha mkusanyo wake mwaka 1891, nasi walimu tumezirithi pamoja na maelezo yake mafupi. Maelezo ya hii hayana utata: "la" ni ziwa, yaani titi, "kuamwa" ni kitenzi kikongwe chenye maana ya kunyonya, na funzo ni kwamba mwenye shida hachagui. Wanafunzi hunakili, mmoja huuliza iwapo "huamwa" ni kauli ya kutendwa, hujibiwa kwamba sivyo, kisha kengele hulia. Sijapata kumsikia mwanafunzi akiuliza habari za mbwa. Je, mbwa mwenyewe aliridhia? Alikuwa na watoto wake? Na mbwa wenzake walisema nini walipomwona amelala kwa ubavu akinyonyesha mwana asiyekuwa wa ukoo wao?

Maswali haya hayakunijia maktabani. Yalinijia Dundori, mwishoni mwa Mei 2024, katika shule moja ya upili nilikokuwa nikifundisha kwa mkataba wa Bodi ya Usimamizi huku nikiandika tasnifu yangu ya uzamili. Mkataba wenyewe ulikuwa wa muhula mmoja mmoja. Wanaoifahamu ajira ya aina hiyo hawahitaji ufafanuzi zaidi.

Kwa msomaji asiyepajua, Dundori iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mashariki ya jiji la Nakuru, kwenye barabara inayopanda kutoka Lanet na kuendelea hadi Ol Kalou katika kaunti ya Nyandarua. Ni mahali pa ukungu, msitu na viazi. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti baridi yake humfanya mgeni wa kutoka pwani aape kwamba harudi tena. Watu hulima viazi, kabeji na karoti na kufuga ng'ombe wa maziwa. Palipo na ghala pana panya, na palipo na panya pana paka. Paka wa huku ni mfanyakazi. Haingii sebuleni, hapewi jina wala hanunuliwi chakula. Mshahara wake ni panya anayemkamata na tone la maziwa wakati wa kukama. Mwenzangu mmoja wa darasa la uzamili, mzaliwa wa Lamu, alipata kunisimulia kuhusu paka wa kwao wanaolala mabarazani bila kubughudhiwa, na jinsi wazee wanavyomkumbusha mtoto mtukutu habari za Abu Huraira, sahaba wa Mtume, ambaye lakabu yake maana yake ni baba wa kipaka. Dundori hatuna baba wa kipaka. Sisemi hivi kwa kuwasuta watu wangu. Mkulima ambaye gunia lake la viazi vya mbegu limetobolewa na panya hana nafasi ya kumwona paka kama pambo.

Paka wa shule yetu alikuwa mfanyakazi wa namna hiyo, jike wa rangi ya majivu aliyelala juu ya magunia ya maharagwe. Panya walipozidi, sumu ilinunuliwa ikategwa ghalani. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, tena haziishii katika tumbo la panya aliyezila. Hubaki mwilini mwake zikimngoja atakayemla. Paka alionekana akiyumba siku mbili, siku ya tatu akakutwa amekauka nyuma ya jiko. Hakuna aliyempasua kuthibitisha lolote, lakini jikoni hakuna aliyekuwa na shaka. Kesho yake mpishi alisikia sauti nyembamba nyuma ya magunia, akatoa watoto watatu. Wawili walikuwa wamekwisha kukata roho. Wa tatu alikuwa na uhai wa kumtosha kufungua kinywa tu, sauti haitoki. Mpishi alinikabidhi mimi kwa sababu nilikuwa mwalimu wa zamu na nilikuwa nimesimama pale. Laiti ningekuwa na sababu ya kupendeza zaidi ya hiyo, ningeitaja.

Mizani ya maabara ilisema gramu 158. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na takribani gramu 100 na huongeza kama gramu kumi kwa siku. Huyu, ambaye macho yake ndiyo kwanza yanafunguka, alikuwa nyuma ya umri wake. Nilimpigia simu daktari wa mifugo mjini Nakuru. Alinicheka kidogo, kisha akanifundisha kwa subira. Kwanza joto, ndipo chakula, kwani mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya maziwa, na katika wiki zake za kwanza mwili wake hauwezi kujipasha wenyewe. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu Dundori alinishauri nimpe, humharisha, maana yana sukari ambayo tumbo lake haliimudu, na yana protini na mafuta kidogo kuliko ya mama yake. Kila baada ya kulishwa apanguswe chini ya mkia kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kwa kuwa hajui bado kujisaidia. Mama yake ndiye angemlamba mpaka haja itoke. Na asilishwe kamwe akiwa amelazwa mgongoni kama mtoto wa binadamu, maziwa yasije yakamwingia mapafuni. Paka hakubali kulala chali! Miaka yote niliyoifundisha methali hiyo sikuwahi kudhani kwamba ndani yake mna maagizo ya matibabu.

Maziwa ya unga ya vipaka yalipatikana Nakuru, na kopo moja lilinila karibu robo ya mshahara. Nilitafuta bomba la sindano lisilo na sindano, chupa ya plastiki ya kutiwa maji moto na soksi ya kuivika chupa hiyo, nikavipanga vyote ndani ya kiondo. Kiondo nikakiweka katika stoo ndogo ya vitabu ya idara. Kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, nikanyonyesha. Natumia kitenzi hicho kwa makusudi.

Majilisi ya walimu haikukawia kupata habari. Mwanzoni yalikuwa mizaha. Nilibandikwa jina la Mama Paka. Mmoja aliuliza, huku wengine wakiangua kicheko, baba yake yuko wapi na mahari italetwa lini. Mwalimu mmoja wa makamo, mama niliyemheshimu na ninayemheshimu bado, aliniweka kando akaniambia kwa upole kwamba mwanamke wa umri wangu akionekana amebeba paka kama mtoto, watu husema mambo. Hakuyataja hayo mambo. Mwingine alizungumzia pumu. Mwingine, mjamzito wa miezi mitano, alikataa katakata kupita karibu na mlango wa stoo, na huyo simcheki: vijidudu vya toksoplasma huenezwa na kinyesi cha paka na vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ni kweli kwamba paka huvipata kwa kula panya au nyama mbichi, na kipaka wangu alikuwa hajala ila maziwa ya kopo. Lakini mja mzito ana haki ya kuogopa bila kuombwa ushahidi. Nilihamisha kiondo siku hiyo hiyo, nikakipeleka chumba cha maabara.

Kisha jambo lenyewe likaingizwa katika ajenda ya mkutano wa walimu, chini ya "Mengineyo", baada ya suala la vikombe vya chai vinavyopotea. Naibu wa mwalimu mkuu alitamka kwa ufupi: "Kipaka hicho kiondolewe." Kisarufi hakukosea. Nomino ya udogo huchukua upatanisho wa KI-VI, na ndivyo tunavyowapa wanafunzi maksi. Mimi nilisimama nikasema, "Ana wiki tatu tu, bado hajaweza kula mwenyewe." Mkuu wa idara yetu, mzee mpenda lugha, alinitazama juu ya miwani yake akanong'ona, "Madam, upatanisho." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini sikujirekebisha. Nilikuwa nimeona kwamba mgogoro mzima wa chumba kile ulikuwa umejikunja ndani ya viambishi viwili. Aliyesema "ki-" aliona kitu kilichowekwa mahali pasipokuwa pake. Aliyesema "a-" hakuwa tena na uhuru wa kukiondoa kitu. Pengine ndiyo sababu lugha yetu imewaacha kiziwi, kipofu na kiongozi wabebe umbo la vitu lakini ikawapatanisha na watu.

Baada ya mkutano, mwenzangu tunayelingana umri alinifuata hadi kwenye ua wa maua. Hakuwa ametania hata siku moja. "Jana kidato cha pili wamerudishwa watoto wanne kwa ajili ya karo," aliniambia. "Wawili kati yao ni yatima. Wewe unanunua maziwa ya kopo." Nilianza kusema kwamba mshahara ni wangu. Akanikatiza. "Mimi mwaka 2008 nililala pale Uwanja wa Maonyesho, Nakuru, miezi minne. Nilikuwa na miaka kumi. Mama hayupo. Hakuna aliyeamka saa nane za usiku kunichemshia maji. Sasa nikikuona na hiyo chupa ndani ya soksi, sijui nicheke au nikasirike."

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwamwaga maelfu ya watu katika uwanja ule, na wengi wa wenyeji wa upande huu wana jamaa aliyepita pale. Ningeweza kumwambia kwamba huruma si unga wa debe, kwamba ukimpimia mmoja haimpungukii mwingine. Lakini si kweli kabisa, nasi sote wawili tulijua. Shilingi zilizonunua kopo zilipungua mfukoni mwangu, na usingizi ulioliwa na kipaka ulipungua katika tasnifu yangu na katika masahihisho ya insha za watoto wale wale. Mbwa wa methali ana maziwa yenye kikomo. Hilo maelezo ya vitabuni hayasemi. Yanatufundisha kuhusu unyonge wa anayenyonya, na yanamchukulia mbwa kuwa kisima tu kilichopo, cha aibu kidogo, ambacho mtu hukiendea akikosa pengine. Tena methali yenyewe inamtaja kama kipimo cha fedheha: hata la mbwa! Hakuna anayemhesabia mbwa kwamba alikuwa na hiari ya kuinuka na kuondoka.

Agizo lilikuwa agizo. Nilihamishia kiondo chumbani kwangu madukani, mwendo wa dakika kumi kutoka langoni. Chai ya saa nne na chakula cha mchana nikavinywa na kuvila njiani, nikikimbia. Naibu aliandika mahali fulani kwamba sionekani wakati wa mapumziko. Alfajiri muuza duka alinikubalia nipimie kwenye mizani yake ya unga kabla hajafungua mlango wa mbele. Juni ikaingia na ukungu wake. Usiku maji ya chupa yalipoa kabla ya saa tatu kutimia, nami nikaamka kila saa mbili. Gramu 204. Gramu 211. Halafu siku mbili za 211, ambazo sipendi kuzikumbuka. Halafu 226.

Wiki ya pili ya Juni, katika ukumbi wa majilisi, yule mwenzangu wa Uwanja wa Maonyesho alipita nyuma ya kiti changu akiwa na daftari za Hisabati. Bila kusimama akauliza, "Leo ni ngapi?" Nikamwambia. Kesho yake akauliza tena. Hakutaja paka, hakutabasamu, wala hakuwahi kufika chumbani kwangu. Lakini hadi muhula unafungwa hakukosa kuuliza hata asubuhi moja, na siku niliyosema gramu 500 alisema "Haya," akaenda darasani.

Katikati ya Julai alikuwa anakula ugali uliochanganywa na dagaa na kupanda mapazia. Alilala juu ya sura yangu ya tatu, ambayo msimamizi wangu alikuwa ameirudisha ikiwa imejaa wino mwekundu, na ni yeye pekee aliyeonyesha kuifurahia. Barua ya mkataba ilikuja Agosti. Nilirejeshwa kwa muhula wa tatu, na barua haikutaja mapumziko wala paka.

Mwezi wa Septemba mtunza ghala aliniita. Panya walikuwa wamerudi wengi kuliko zamani, na magunia matatu ya maharagwe yalikuwa yameharibika. Alitaka kujua kama ningemtoa "yule paka", kwa sababu amesikia kwamba amekuwa mkubwa. Nilisikia "yule", nikaufurahia upatanisho wake kimoyomoyo. Nikamuuliza kama sumu bado inategwa ghalani. Akasema inategwa, lakini kwa uangalifu. Nilimwambia kwamba maadamu imo, paka hatakwenda. Akafikiri kidogo, akaniomba basi nimwekee mmoja wa watoto wake, paka akizaa.

Nikamwambia ni dume.