Ona, Nasi Tuone

Pwani, msimulizi husema "Paukwa", na wasikilizaji hujibu "Pakawa". Mtu wa visiwani akifika Bugene, kwenye vilima vya Karagwe, ameingia katika nchi yenye mapokezi mengine ya hadithi. Kwa Wahaya, ambao lugha yao na ya Wanyambo wa huko ni ndugu wa tumbo moja, msimulizi hutangaza kwamba ameona, na waliozunguka moto humjibu: ona, nasi tuone. Peter Seitel, Mmarekani aliyezikusanya hadithi za Wahaya, alilifanya jibu hilo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Haya ni madai mazito kwa mtu mmoja aliyeketi gizani: aone kwa niaba ya nyumba nzima. Mwigizaji naye hadaiwi zaidi ya hapo.

Amandina Lihamba alizaliwa Morogoro mwaka 1944, katikati ya mila hizi mbili, na katika njia yake zote mbili zinaonekana. Alikuwa miongoni mwa wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioliita kundi lao Paukwa. Huko Uskochi mwigizaji anayo ngazi iliyokwisha kusimamishwa: chuo cha maigizo Glasgow, kundi la jukwaa lenye mishahara, kisha filamu. Hapa ilimpasa aichonge ngazi huku akiipanda. Akawa mwigizaji, mwongozaji, mwandishi na mwalimu kwa wakati mmoja. Mwaka 1980 ilitoka *Hawala ya Fedha*, tamthilia aliyoijenga juu ya kisa cha Sembène Ousmane wa Senegali. Miaka miwili baadaye ikafuata *Harakati za Ukombozi*, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Shahada ya uzamivu aliipata Leeds mwaka 1985, kwa utafiti juu ya siasa na maigizo baada ya Azimio la Arusha.

Lakini vyeti si njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye na wenzake walikwenda Malya, mkoani Mwanza, ng'ambo ya ziwa kutoka Kagera, wasichukue mchezo uliokwisha andikwa. Wanakijiji walitaja wenyewe yaliyowasumbua, mojawapo likiwa mimba za wasichana wa shule, wakayatia katika ngoma na maigizo, kisha wakayajadili hadharani. Mwigizaji aliyezoea kutazamwa alijifunza kukaa upande wa watazamaji. Mwaka 1996, akiwa pamoja na Penina, ambaye sasa aliitwa Mlama, alishiriki kuanzisha Tuseme, mradi wa kuwafanya wasichana wa sekondari waseme kwa maigizo yale wasiyothubutu kuyasema kwa mwalimu wala mzazi.

Baada ya miaka yote hiyo ya kuwapa wengine sauti, filamu ikamtaka anyamaze. Katika *Maangamizi*, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotoka mwaka 2001 na kuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar, Lihamba ni mgonjwa katika hospitali ya akili, mwanamke ambaye hajanena kwa miaka mingi. Daktari mwenye asili ya Kiafrika anakuja kutoka Marekani kumtibu, na bibi wa kale, Maangamizi, anawatokea. Mwigizaji mwingine angejaza ukimya huo kwa mikono na machozi. Lihamba anauacha ukae. Macho yake yanatazama jambo lililotokea zamani, na mtazamaji analazimika kugeuka kulitafuta. Ndivyo wanavyoona, nasi tukaona.

Mgonjwa huyo anaitwa Samehe. Kwa mwenye Kiswahili, kila daktari anapomwita anatamka ombi, au amri, pasipo kukusudia. Katika maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha, jina la mtu halitafsiriwi.