Pikapu ya Baba na Njia ya Ibra

Katika familia yetu hapa Maskati, pikapu nyeupe ya marehemu Baba imezusha mijadala mingi kuliko mirathi yenyewe. Ndugu zangu wanataka iuzwe. Mama hataki, na sababu yake si kumbukumbu, kama wengi wanavyodhani. Magoti yake hayakubali tena viti vya gari ndogo, ambavyo humlazimu ajishushe kama anayekaa mkekani, kisha ainuliwe kwa kuvutwa mikono. Kiti cha pikapu kiko usawa wa kiuno chake: hugeuka, huketi, basi. Kwa kiti hicho ndipo afikapo Ibra kila mwezi, siku ya Jumatano, ambayo ni siku ya soko la wanawake, kumtazama dada yake.

Wasomaji wenye asili ya Sharqiya hawahitaji kuelezwa Ibra ni nini kwa watu wetu. Wengi waliopanda majahazi kwenda Unguja na Pemba walitoka pande zile, na baadhi ya wajukuu wao walirejea huko huko baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya 1970. Mama na Mama Mkubwa walizaliwa Unguja, wakakulia Malindi, na kati ya ndugu saba wamebaki wao wawili. Wakishajibizana salamu, Kiarabu huachwa nje pamoja na viatu. Hapo hutoka Kiswahili cha ujana wao, chenye maneno ambayo sisi watoto hatujapata kuyasikia kwa mtu mwingine.

Mwezi wa Aprili kiyoyozi cha pikapu kilianza kudhoofu. Ndugu yangu aliipeleka gereji, ikaongezwa gesi. Siku zile zilikuwa na upepo, tukadhani tumepata nafuu. Mwezi wa Mei ikaongezwa tena, na hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Basi kikatolewa kikao cha familia, na uamuzi ukawa kwamba Mama asisafiri mpaka Oktoba. Siwalaumu. Mama ana miaka 79 na ana presha, na joto la nchi hii si la kufanyiwa mzaha: mwezi wa Juni 2018, pale Qurayat, halijoto haikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Lakini Mama Mkubwa ana miaka 86, na katika umri huo miezi mitano si kitu cha kuahirisha hivi hivi.

Mimi ni binti wa tatu, na utotoni ndiye niliyekuwa namshikia Baba tochi. Alijifunza ufundi Unguja, akaja nao Maskati, na mpaka alipostaafu hakuacha kuziita spana, boneti na rejeta kwa majina aliyojifunzia. Kuhusu viyoyozi alikuwa na kauli moja: baridi haitiwi ndani ya gari, bali joto hutolewa nje. Aliirudia mpaka ikatuchosha, ila ndiyo ufunguo wa mtambo mzima. Kompresa huikandamiza gesi mpaka ikapata moto mkali. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, ule wavu wa bati jembamba ulio mbele ya rejeta, na hapo upepo huichukulia joto lake mpaka ikawa maji. Maji hayo husukumwa kwenye tundu dogo, presha ikashuka ghafla, yakaanza kuchemka ndani ya kipoza kilichofichwa nyuma ya dashibodi; na kwa kuwa gesi hii ya R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika presha ya kawaida ya hewa, huvuta joto la chumba cha gari kwa pupa. Kisha hurudi kwenye kompresa, na safari ikaanza upya. Hakuna mahali gesi inapoliwa. Gari likipungukiwa na gesi, basi pana tundu, na fundi anayeongeza bila kulitafuta tundu hilo anauza tu mtungi.

Aliyenipa njia ya kuujua ugonjwa huu ni Mama, ambaye hajapata kushika spana maishani mwake. Nilimwuliza: ni wakati gani hasa joto linapomsumbua? Akafikiri, akasema: "Likienda, halina neno. Likisimama kwenye taa tu, linaanza kunipumulia kama ng'ombe." Jawabu hilo lilifaa kuliko geji. Gari lenye gesi pungufu hukosa baridi hata likiwa mwendoni. Linalopoa likikimbia na kuchemka likisimama lina shida ya upepo, kwa maana lina joto lakini halina pa kulitupia.

Hata hivyo nilitaka kuthibitisha. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo anayekisikia Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiarabu, alikuja kunisaidia kabla ya jua kupanda. Tulianza na vitu vya bure. Chujio la hewa nyuma ya kisanduku cha dashibodi lilikuwa limejaa vumbi, tukalibadilisha. Mkanda ulikuwa mzima. Kompresa ilishika vizuri, kwa ule mlio wake wa "tak". Tulizikagua hozi na maungio tukitafuta alama za mafuta, kwa sababu gesi ikivuja hutoka na mafuta yake, na hatukuona kitu. Kisha tukafunga geji, ya buluu upande wa presha ndogo na nyekundu upande wa kubwa. Injini ikiwa imezimwa tangu usiku, na hewa ikiwa nyuzi 33, sindano zote mbili zilisimama karibu na 107, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa gesi hii katika joto hilo. Hapa wengi hudanganyika. Usomaji huu unaonyesha kwamba gesi imo na haikuchanganyika na hewa, lakini hauonyeshi kiasi chake. Ikiwa imezidi maradufu, sindano itasimama pale pale.

Tukawasha. Injini ikiunguruma bila kwenda, nyekundu ilipanda mpaka 340 na bado ikitambaa juu, buluu ikawa 60, na kipimajoto nilichokichomeka kwenye tundu la dashibodi kikasoma nyuzi 21. Nikamwambia mpwa wangu achukue mpira wa maji ainyunyizie kondensa kwa mbele, taratibu. Sindano nyekundu ikaporomoka mbele ya macho yetu hadi 210, buluu ikarudi 40, na kile kipimajoto kikateremka mpaka nyuzi 12. Akaufunga mpira, ikapanda tena. Akaufungua, ikashuka. Alifanya hivyo mara nne, tatu kati ya hizo kwa furaha tu.

Tulipoondoa wavu wa mbele tukakuta miaka ya safari imejazana hapo: vumbi lililoganda, mabawa ya panzi, nyuzi za makuti kutoka shambani. Kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo mtu haoni bila kurunzi, palikuwa na blanketi zima. Tuliliosha kwa maji ya kawaida kutoka nyuma kwenda mbele, tukalisugua kwa brashi laini. Msitumie mashine ya maji ya nguvu; inalaza mapezi ya bati, na yakishalala upepo haupiti tena. Ugonjwa wa pili ulikuwa kwenye feni. Injini ikiwa ya moto, nimeizima na ufunguo nimeutia mfukoni, niliisukuma feni kwa kidole ikazunguka kama pangaboi. Klachi yake, yenye uji wa silikoni ndani, ikishapata moto hupaswa kuukaza mkono. Hii ilikuwa imevujisha uji wake, na mfereji mweusi wa mafuta na vumbi ulionekana kandokando. Klachi mpya tuliifunga wenyewe kwa nati nne.

Gesi iliyozidi hatukuigusa. Hiyo si kazi ya nyumbani, kwani ikikurukia hugandisha kidole au jicho, na kuiachia hewani ni dhuluma, maana inahifadhi joto la dunia mara elfu na zaidi kuliko hewa ya ukaa. Makubaliano ya kupunguza gesi za jamii hii yalifikiwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, jambo ambalo lilimfurahisha Mama alipolisikia. Kwake yeye chochote kizuri kinachotoka upande ule ni chetu. Fundi mwenye mashine ya kuvutia gesi alikuja nyumbani. Kibandiko chini ya boneti kinataka gramu 500. Mashine yake ilitoa 680. Akaacha pampu ivute hewa na unyevu kwa dakika arubaini na tano, akarejesha 500 kamili.

Adhuhuri ile, nje nyuzi 42, gari limesimama, dashibodi ilitoa hewa ya nyuzi 13. Barabarani ikafika 8. Niliwatumia ndugu zangu picha za kipimajoto. Kaka mkubwa, mwenye ile rai ya Oktoba, alijibu kwa maneno mawili: "Nendeni, Bismillahi."

Tulikwenda Jumatano iliyofuata, mpwa wangu akiwa kiti cha nyuma na kapu la ndizi mbivu mapajani. Mama Mkubwa alikuwa ametandika barazani, na kabla hatujamaliza kahawa akataka kujua imekuwaje dada yake kuletwa kwake kiangazi, na amefika bila hata jasho. Nilinyamaza makusudi, nikamtazama kijana. Akakohoa, akaanza kwa Kiswahili, neno moja moja: "Bibi, baridi haitiwi ndani ya gari. Joto inatolewa..."

"Linatolewa," walimsahihisha wote wawili kwa pamoja, kisha Mama Mkubwa akamsogezea halua na kumwambia aendelee.