Njia ya Kiomoni na mkono wa mafuta uliogoma kurudi

Anayetoka Ngamiani, Tanga, kwenda Mapango ya Amboni hana haja ya kudamka. Ni kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji. Unafuata barabara ya lami inayokwenda Horohoro, mpakani na Kenya, kisha unakunja kushoto kuishika njia ya Kiomoni. Wanafunzi huletwa kwa mabasi ya shule, wageni kwa teksi na bajaji. Wenyeji wengi hupiga pedeli tu, maana Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani. Utaona mzee wa kanzu juu ya baiskeli, mama na kapu la samaki juu ya baiskeli, hata kitanda kizima kikihamishwa kwa baiskeli.

Fundi mmoja wa kuchomelea mageti, mkazi wa Ngamiani, huifuata njia hiyo kila Jumamosi akiwa na binti yake wa darasa la sita. Bibi wa mtoto, mzaa baba, anaishi upande wa Kiomoni, na ana minazi na shamba la mihogo. Zamani walikuwa wakienda kwa baiskeli ya kawaida, Phoenix nyeusi, mtoto kwenye keria. Mwaka jana baba alinunua injini ndogo ya petroli, ile inayouzwa kwenye boksi pamoja na tangi, kabureta na nyaya zake, akaifunga katikati ya fremu. Mkono wa kulia wa usukani ukawa wa mafuta: ukiuzungusha injini inakwenda, ukiuachia unarudi wenyewe. Kushoto akafunga klachi.

Mama wa mtoto hakuipenda tangu siku ya kwanza. Alisema breki za baiskeli zimetengenezwa kuzuia nguvu za miguu ya mtu, si za injini. Hapo alikuwa na hoja nzito kuliko mumewe alivyotaka kukubali. Baba alijibu kwa kubadilisha mipira ya breki, basi, safari zikaendelea. Binti yeye alifurahi. Kila jioni baba alipofungua kitu, yeye ndiye aliyeshika tochi, na asiyeshika tochi vizuri katika karakana ile hufokewa, kwa hiyo alitazama kwa makini.

Jumamosi yenyewe ilianza vizuri. Lami ya Horohoro ilikuwa tupu asubuhi ile. Walipokunja kushoto, njia ikawa ya vumbi, miembe huku na huku, na mawe meupe ya chokaa yakichungulia kwenye udongo. Kuna mahali njia inapanda kidogo halafu inateremka. Baba aliongeza mafuta kwenye kipando, na walipofika juu akauachia mkono.

Haukurudi. Injini iliendelea kuvuta kama vile bado wanapanda, na sasa mteremko nao ukawa unawasukuma. Baba aliuzungusha mkono mbele kwa nguvu, ukabaki palepale. Akabonyeza kitufe cha kuzimia injini. Kimya cha kitufe kilimkumbusha jambo alilolijua tangu Jumatatu: waya wa kitufe kile ulikuwa umeoza kwa kutu na kukatika, naye alikuwa amejiambia ataushughulikia akipata nafasi.

"Nishike kiunoni, usiruke!" alimwambia mtoto.

Kisha akafanya lile lililowaokoa: alibana klachi. Injini ilipiga kelele kali, maana sasa haikuwa na mzigo wowote, lakini gurudumu la nyuma liliachana nayo. Kuanzia hapo breki zilikuwa zinazuia baiskeli peke yake, si baiskeli na injini kwa pamoja. Akazibana polepole, akaiongoza kwenye mchanga ulio kando ya njia, ikasimama chini ya mwembe.

Wamesimama, lakini hawajamaliza. Mkono wa kushoto umeshika klachi, wa kulia umeshika breki, na katikati ya miguu yake injini inalia kama mashine ya kusaga. Akiiachia klachi, baiskeli itaruka mbele na mtoto yuko nyuma. Kufunga koki ya petroli kungesaidia baadaye tu, kwa sababu kabureta huwa na akiba yake ndani, na injini ingeendelea kulia mpaka akiba hiyo iishe.

"Baba, niivute choki?" binti aliuliza.

Choki ni kile kijiti kidogo kwenye kabureta kinachoziba njia ya hewa wakati wa kuwasha injini ikiwa baridi. Injini ya petroli haiwaki bila hewa. Ukiifunga choki yote injini ikiwa moto, petroli inazidi hewa na injini inazama. Mtoto alishuka upande usio na bomba la moshi, kama alivyozoea kuonywa, akanyoosha mkono, akakipandisha kijiti. Injini ilikohoa mara mbili tatu, ikafa.

Walikaa chini kwenye mizizi ya mwembe. Baba alikunywa maji ya chupa yote bila kumkumbuka mwenzake. Magoti yalikuwa yanamtetemeka, na mtoto aliyaona.

Njia iliyobaki waliisukuma baiskeli. Kijana mmoja wa bodaboda aliwasimamisha njiani, akauchomoa waya wa mafuta kwenye ganda lake kwa dakika mbili na kuwaonyesha. Pale waya unapokunja kuingia kwenye mkono, nyuzi tatu zilikuwa zimekatika na kusimama kama miiba ya samaki. Waya ukivutwa, miiba inapita. Ukiachiwa, miiba inakwama kwenye ganda, na springi ndogo ya kabureta haina nguvu ya kuushinda mkwamo huo. Ndani ya ganda mlikuwa na kutu nyekundu. Baba hupitia soko la samaki la Deep Sea karibu kila siku kabla ya kazi, na chumvi ya pwani haichagui chuma cha nani.

"Huu si wa kutia grisi, mzee. Huu ni wa kutupa," kijana alisema, akakataa hata hela ya soda.

Bibi aliwapokea kwa "marahaba" na maswali. Baba alitaka kulipunguza jambo, lakini mjukuu alikwisha kulisimulia lote, na ile choki akairudia mara mbili. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mwanawe.

"Kwa hiyo ulijua kitufe kibovu, ukampakia mtoto?"

Hakuna jibu zuri la swali hilo, naye hakulitafuta.

Mchana walikwenda mapangoni kwa miguu, baba, binti na binamu wawili. Nje jua lilikuwa linachoma. Ndani kulikuwa na ubaridi, giza na harufu ya popo, na kuta za chokaa ambazo maji yamezichonga kwa miaka mingi kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Muongozaji alimulika tochi akionyesha jiwe linalofanana na kochi, jingine kama ndege. Akaonyesha na mahali watu wanapoacha sadaka kwa ajili ya mizimu, kisha akawasimulia habari za Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950 akisakwa na askari wa mkoloni. Watoto walitaka kujua alikula nini. Kuna sehemu mtu hupita ameinama, na hapo tochi ilipozimwa makusudi, hakuna aliyeona hata kiganja chake.

Katika giza hilo binti aliuliza, "Baba, kama nisingekuwepo ungeizimaje?"

"Ningeishika hivyo hivyo mpaka apite mtu," baba alisema. Binamu wakacheka. Yeye alikuwa anasema kweli.

Jioni walirudi mjini kwa daladala, baiskeli ikabaki kwa bibi kwa wiki nzima. Waya mpya na ganda lake havikuwa na bei ya kumtisha mtu. Baba aliupitisha kwa mkunjo mpana zaidi, usibanwe na tangi wala kuvutika usukani unapokatwa kona, maana waya mfupi huongeza mafuta wenyewe kila unapokunja. Alifungua kabureta akasafisha vumbi, akaweka springi mpya. Akasogeza mpira wa mkono milimita chache ndani, kwa kuwa ulikuwa unasugua ncha ya usukani. Kitufe cha kuzimia kikapata waya mpya kabla ya vyote. Na kofia ngumu, ambayo kabla ya hapo ilikuwa moja na ya baba peke yake, zikawa mbili.

Masharti mengine aliyatoa mama. Mtoto atapakiwa baada ya baba kuizungusha baiskeli peke yake mtaani, na kwenye mteremko wa Kiomoni mtoto atashuka atembee. Halafu kuna ukaguzi, ambao mama hamwachii mtu. Jumamosi injini ikiwa bado haijawashwa, anatoka na mikono yenye unga wa chapati, anauzungusha mkono wa mafuta hadi mwisho na kuuachia. Lazima urudi kwa mlio mmoja: tak. Anakata usukani kushoto, tak. Anaukata kulia, tak. Wiki iliyopita upande wa kulia ulirudi kwa kuvutavuta.

Walikwenda kwa daladala.