Niliwasingizia Watu wa Intaneti

Kama unasoma hapa Iringa na umewahi kukaa mitaa ya Kihesa, steshenari za kule unazijua: fremu moja, kompyuta nne, mashine ya kopi, na foleni ya watu wameshika flashi. Nimefanya kazi katika mojawapo tangu mwaka wa kwanza, jioni na Jumamosi. Mwenye duka namwita Mama kama wanavyomwita wote. Yeye ananiita Mwalimu, na kuna kipindi jina hilo lilikuwa linanichoma.

Intaneti ya pale si ya bando la simu. Mama ameungwa na kampuni moja ya kanda hii inayohudumia wafanyabiashara: hoteli, saccos, zahanati, maduka kama letu. Hawachimbi barabara kupitisha waya. Wanafunga dishi dogo juu ya bati, linatazamana na mnara wao ulioko kilimani, na katikati pasiwe na kitu. Mwembe ukirefuka au jirani akipandisha ghorofa, umeumia. Kutoka mnarani mawasiliano yanaingia Mkongo wa Taifa, yanashuka Dar es Salaam, ndipo yanaingia baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika huko baharini, wateja walitulaumu sisi wa Kihesa kana kwamba tumeikata kwa mkasi.

Huduma hiyo Mama anailipia kila mwezi pesa inayozidi kodi ya fremu. Nilikuwa naona anaibiwa. Mbona bando la chuo la wiki ni bei ya chipsi? Sikuelewa kwamba analipia kitu ambacho sisi wa muvi hatukijali: kasi ya kupandisha faili ni sawa na ya kushusha. Steshenari inaishi kwa kupandisha. Mtu anakuja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, na fomu ya mkopo iliyosainiwa serikali ya mtaa, unaskani, unapandisha kwenye mfumo wa Bodi, anaenda zake. Na ukiwapigia simu, fundi anakuja siku hiyo hiyo.

Sasa kosa langu. Bumu lilichelewa, na gheto la nyuma ya duka lina vyumba sita vya wanachuo. Paswedi ya waifai nilikuwa nayo. Nikaanza na rafiki mmoja, bure. Akamwambia mwenzake. Mwisho nilikuwa na watu tisa, kila mmoja elfu tano kwa mwezi. Nilijiambia simnyang'anyi Mama chochote, kwa kuwa intaneti haipungui kama unga kwenye debe.

Ilianza kuvuta polepole. Mama akinung'unika, mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kusema, “Hawa jamaa huduma yao imeshuka.” Nilisema hivyo kwa wateja pia. Nilifika mahali nikaamini mwenyewe.

Siku ya mwisho ya dirisha la mikopo akaja binti kutoka Kilolo, amemaliza kidato cha sita, amepanda gari alfajiri. Fomu yake ilikuwa safi, kila muhuri ulikuwepo. Tukajaribu kupandisha mara ya kwanza, ikafika nusu ikagoma. Mara ya pili, ya tatu. Saa kumi na moja jioni akaniuliza, “Kaka, nifanyeje?” Nikamwambia kampuni ya intaneti ni wazembe, ajaribu mjini. Akakunja karatasi zake taratibu, akazirudisha kwenye bahasha, akaondoka. Namba yake sikuchukua.

Mama alikuwa ameshampigia fundi. Alifika nusu saa baadaye, akapanda juu na ngazi, akaangalia dishi: halijasogea, mawimbi mazuri. Akachomoa rauta, akachomeka waya wa dishi moja kwa moja kwenye laptopu yake, akapima. Kasi ilikuwa kamili, kwenda na kurudi. Kisha akairudisha rauta na kufungua orodha ya vilivyounganishwa. Duka lina vifaa sita ukihesabu na simu ya Mama. Orodha ilikuwa na ishirini na tatu.

Hakuniuliza. Alinieleza tu, kwa sauti ya chini, kwamba simu iliyo mbali nyuma ya kuta mbili inasikika kwa shida, kwa hiyo rauta inatumia muda mrefu kuipa kitu kidogo, na walio karibu wanasubiri zamu. Juu ya hapo, simu zile zilikuwa zinapandisha picha zenyewe usiku na mchana. “Ni kama darasa la watoto tisini,” akasema, “mmoja wa nyuma kabisa hasikii, unamrudia, unamrudia.” Alijua nasomea ualimu. Nilikuwa nimetoka field mwezi huo huo na darasa lenyewe nilikuwa nimelifundisha.

Akabadilisha paswedi, akamwambia Mama laini iko sawa, akaondoka bila kunitaja. Sikujua nimshukuru au nimchukie.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Kilichonishinda ni kumsikia Mama akimwambia mwenye hoteli ya jirani asijiunge na kampuni ile, na maneno aliyotumia yalikuwa yangu, neno kwa neno. Jioni hiyo tulipofunga mlango nilimwambia yote, hata zile elfu tano tano. Hakupiga kelele. Aliuliza, “Yule binti wa bahasha ilikuwa ndiyo hiyo?” Nikasema ndiyo. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akavaa viatu akaenda hotelini kurekebisha maneno yake, usiku ule ule.

Pesa ananikata kidogo kidogo. Paswedi anaijua yeye na fundi tu. Kompyuta zikigoma kuunganika namwita, anakuja kuandika mwenyewe huku mimi nimegeuka ukutani.